Migomba ilipokufa juu ya Mudaka: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja

Familia ninayoichambua hapa inaishi mlimani juu ya Mudaka, katika teritware (wilaya) ya Kabare, Kivu ya Kusini, Kongo, pembeni mwa barabara itokayo Bukavu kwenda Kavumu. Majina yao sitayataja, kwa sababu mambo yao bado yanaendelea na majirani wanasoma. Nitawaita Mama, Baba, Nyanya na watoto, jinsi wanavyoitana wao wenyewe. Mimi ni mtu wa kilimo. Nilianza kufika kwao kwa ajili ya migomba, na urafiki ukabaki hata kazi ile ilipokwisha. Wameniruhusu kuandika, ila Mama aliweka sharti: "Agronomu, usituandike kama watu wa kuonewa huruma. Andika namna tunavyofanya kazi." Nimelikubali sharti hilo kwa moyo wote.

Ukiuliza mlimani kwa nini nyumba ile iliteseka miaka ile, utajibiwa upesi: shamba ni dogo, udongo umechoka, watoto ni wengi. Yote ni kweli, lakini hayatoshi. Shamba lilikuwa dogo vilevile zamani, wakati watu wa nyumba hiyo walikuwa wanakula na kusomesha. Ninavyoona mimi, walipoteza kitu ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa mali: pesa ndogo iliyokuwa ikiingia kila mwezi. Ilipokatika, vitu vingine vyote vilianza kuuzwa kwa wakati mbaya.

Kiwanja chenyewe hakifiki nusu hekta, nacho kiko kwenye mteremko mkali kama sehemu kubwa ya Bushi, nchi ya Bashi wasemao Mashi. Babu yake Baba alikipata kwa kalinzi: alitoa ng'ombe kwa wenye mamlaka ya ardhi kufuatana na desturi, na tangu hapo ardhi inarithiwa ndani ya ukoo. Nyumba iko juu, imezungukwa na migomba. Chini ya migomba kuna maharage na magimbi, halafu mihogo na viazi vitamu, na kule bondeni tuta chache za lenga-lenga (mchicha). Mpakani kuna grevilea za kuni na mbao, na karibu na jiko kuna mti wa avoka ambao Nyanya aliupanda alipoolewa. Wakati ule zizini walikuwa na ng'ombe mmoja na mbuzi watatu, kuku uani, na kobaye (simbilisi, wanyama wadogo wa kufugwa kwa nyama) wakizurura kwenye sakafu ya jiko. Vinywa vilikuwa tisa: Baba, Mama, Nyanya na watoto sita.

Kuhusu udogo wa ardhi nitasema kwa kifupi tu. Kabare ina watu wengi sana, na vilima vingi vizuri vilichukuliwa tangu wakati wa Wabelgiji kuwa mashamba makubwa ya chai, kahawa na kwinini. Kisha sheria ya ardhi ya 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa ya Leta, yaani serikali, na waliojua njia za ofisini mjini wakapata karatasi juu ya ardhi ambayo wengine walikuwa wameishika kwa desturi. Asiye na shamba hukodi kwa bwasa, msimu mmoja mmoja, na mwenye ardhi anaweza kuichukua msimu unaofuata. Familia hii ilikuwa na bahati ya kuwa na kalinzi yake.

Nyumba ile ilikuwa na raha zake, na mtu akiziacha nje ya hesabu hataelewa kwa nini hakuna aliyetaka kuhamia Kadutu, mtaa wa mjini Bukavu, hata hali ilipokuwa ngumu. Kulikuwa na maharage mabichi ya kwanza, yanayochumwa kabla maganda hayajakauka na kupikwa pamoja na magimbi. Kulikuwa na siku ya kukamua kasiksi, pombe ya ndizi. Ndizi zilizofukiwa shimoni ili ziive hutolewa, humenywa, hukandwa kwa majani ndani ya mtumbwi wa mti, na maji yake huchujwa na kutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Watoto hunywa yale maji matamu kabla hayajachacha. Wakubwa hungoja, na pombe ikiwa tayari jirani hupita bila kuitwa, akaketi, akatoa habari za mlima mzima. Jioni watu wote walikuwa jikoni. Sauti ya ganda la kiazi likianguka ilitosha kuwafanya kobaye wote walie kwa pamoja, na mtoto mdogo alicheka kila mara kana kwamba hajawahi kuisikia. Nyanya alisimulia migani yake kwa Mashi, na aliyesinzia alipewa kazi ya kuchochea moto. Baba, ambaye si mtu wa maneno mengi, alikuwa akiwafundisha watoto kujua mbuzi aliyeshiba kwa kumtazama ubavuni tu. Nimekaa katika jiko lile mara nyingi, na sijui mahali pengine ambapo nimeona watoto wakijifunza mambo mengi hivyo bila kuona kwamba wanafundishwa.

Sasa nije kwenye pesa.

Mgomba hauna msimu. Shina moja likikatwa, mwana wake amekwisha inuka kando, na mwingine anachungulia chini. Shamba likiwa na mashina ya umri mbalimbali, hakuna mwezi usio na mkungu wa kukata. Katika nyumba ile Mama alishusha mikungu Mudaka, au wakakamua kasiksi, na pesa iliyopatikana haikuwa nyingi. Ilinunua chumvi, sabuni, mafuta, sambaza (dagaa wa ziwani) za kutia ladha kwenye sombe (majani ya muhogo), kalamu, na fishi (kadi ya kutibiwa) ya kituo cha afya mtoto akipata homa. Hakuna aliyeiita mshahara, lakini kazi yake ilikuwa hiyo.

Maharage ni jambo jingine. Ya msimu A hupandwa mvua zikirudi Septemba na huvunwa kuelekea Desemba na Januari. Ya msimu B hupandwa Februari au Machi na huvunwa Juni. Mwaka wa shule Kongo huanza Septemba. Ziweke tarehe hizo pamoja. Mwezi ambao mkulima anatafuta mbegu ndio mwezi ambao shule inadai minervali, yaani ada, na ndio mwezi ambao mavuno ya Juni yamekwisha pungua ghalani na bei ya maharage sokoni imepanda. Septemba inamkamata mkulima wa Bushi kila mwaka, na kila mwaka watu huzungumza juu yake kana kwamba ni ajali. Wakati migomba ilipokuwa hai, nyumba ile iliivuka kwa sababu maharage ya Juni hayakuguswa kwa ajili ya chumvi wala sabuni. Mbegu ilibaki, na sehemu iliyobaki iliuzwa Septemba yenyewe, bei ikiwa nzuri, kwa minervali. Mikungu ile ya ndizi, kwa maneno mengine, ndiyo iliyokuwa inalinda maharage.

Halafu mnyauko wa bakteria ukafika. Ugonjwa huo ulijulikana kwanza Ethiopia, ukaonekana Uganda na kwetu Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001, kisha ukashuka polepole kuelekea kusini mwa Kivu. Kwa familia hii ulianza mwaka 2013. Majani yalianza kuwa manjano na kulegea, ua dume likakauka, mikungu ikaiva kabla ya wakati, na ndizi ikipasuliwa ndani ilikuwa na rangi ya kahawia. Ukikata shina, baada ya muda mfupi linatoa usaha wa manjano. Ugonjwa huu husafiri kwa njia mbili kuu: wadudu wanaotembelea ua dume, na panga. Hiyo ya pili ndiyo iliyowaua. Panga moja lilikata mkungu mgonjwa upande wa chini, likapanda kupogoa majani upande wa juu, kisha likaazimwa na jirani. Hakuna mtu mlimani aliyekuwa amewahi kufikiri kwamba panga linaweza kubeba ugonjwa.

Ushauri uliotolewa wakati ule ulikuwa mmoja: ng'oa kisiki kizima pamoja na wana wake wote, fukia, na usipande tena migomba kwa muda. Kisayansi haukuwa wa uongo. Lakini mfikirie Mama anaambiwa ang'oe shina linalougua pamoja na wana watatu wanaoonekana wazima, kazi ya siku nzima ya jembe na mtaimbo, na baada yake hakuna ndizi. Walikataa, kama karibu watu wote wa mlima ule walivyokataa, nami siwalaumu. Katika misimu michache tu shamba likabaki na magogo yaliyooza.

Kilichofuata hakikuonekana mara moja, ndiyo maana watu hawakiunganishi na migomba. Chumvi ilibidi inunuliwe kwa maharage, kopo moja leo, kopo jingine kesho. Maharage ya Juni yakaanza kutoka mwezi uleule wa Juni, wakati kila mtu anauza na mnunuzi anapanga bei anayotaka. Ilipofika Septemba ghala lilikuwa tupu na mbegu imeliwa. Mbegu ikakopwa kwa mchuuzi, kwa makubaliano ya kurudisha mara mbili wakati wa mavuno. Kwa hiyo mavuno ya Januari yalikuwa na mwenyewe kabla hayajaiva. Mwaka mmoja waliuza sehemu ya maharage yakiwa bado yana maua. Shamba halikuwa limepungua hata hatua moja, na Mama hakuwa amepunguza kazi hata siku moja. Kilichobadilika ni tarehe ya kuuza.

Mbuzi wakatoka mmoja mmoja. Kifungua mimba, ambaye ni binti, aliingia sekondari mwaka 2016, na mdogo wake wa kiume akamfuata mwaka uliofuata. Septemba 2017 ng'ombe akauzwa ili wote wawili wabaki darasani. Watu waliwasifu kwa uamuzi huo. Mimi pia nauheshimu. Ila hasara yake ilikuwa kubwa kuliko bei iliyopatikana, na ilikuja kwa njia ya udongo. Ng'ombe wa Bushi hatoi maziwa mengi. Anachotoa kwa hakika ni samadi, na kwenye mteremko unaooshwa na mvua kila mwaka samadi ndiyo inayoshika shamba. Baada ya misimu miwili mihogo ikawa myembamba na maharage yakawa mafupi. Minervali ililipwa kwa ng'ombe, kisha ikaendelea kulipwa kwa udongo. Na hata hivyo mvulana aliacha shule mwaka 2018, akashuka Bukavu kubeba mizigo kwenye bandari ya Beach Muhanzi.

Baba naye akaondoka mwaka huohuo, kwenda Kamituga kuchimba dhahabu. Watu wa nyumbani walifikiri, na yeye alifikiri, kwamba huko kuna pesa ya kila wiki. Lakini pesa ya kreseri, mchimbaji wa mkono, ndiyo isiyo na kalenda kuliko zote. Mwenye shimo, ambaye wachimbaji humwita PDG, hulipia chakula, miti ya kuegemeza kuta, pampu na mafuta. Shimo likitoa, gharama zote hizo huondolewa kwanza, kinachobaki ndicho hugawanywa. Miezi inaweza kupita mtu akila kwa deni. Baba alituma pesa mara chache, na kila mara ilifika siku ambayo haikutarajiwa, ikaingia kwenye deni lililokuwa karibu. Sisemi kwamba alikuwa mzembe. Alikwenda kutafuta kile ambacho migomba ilikuwa ikimpa bila kutoka nyumbani, na mahali alipokwenda hakikuwepo.

Mama akabaki na Nyanya, watoto watano na jembe moja zima. Aliamka kulima kwa watu asubuhi ili apate chakula cha jioni, na shamba lake mwenyewe lililimwa kwa kuchelewa. Maharage yanayopandwa kwa kuchelewa hukutana na jua la Januari yakiwa bado hayajajaza maganda. Mwisho wa 2019 kitinda mimba alianza kuvimba miguu na uso, nywele zikawa nyekundu, akawa hataki kucheza. Kila mama wa Kivu anazijua dalili hizo: bwaki, utapiamlo wa kuvimba. Mtoto alikuwa anakula, lakini alikuwa anakula bugali wa muhogo na sombe bila mafuta wala sambaza, siku hadi siku. Kituo cha afya kilimwanzishia siagi ya karanga ile ya paketi, uvimbe ukashuka, akapona. Namkumbuka Nyanya akimlisha kwa kidole, kijiko kikiwa pembeni, kwa sababu kijiko mtoto alikikataa.

Kuna jambo moja jema lililotokea mwaka huohuo, nalo lisisahaulike: Septemba 2019 Leta ilitangaza shule ya msingi kuwa bure. Kwa nyumba hii ilimaanisha watoto watatu wasiodaiwa tena kila muhula. Sekondari ilibaki na minervali yake, na bado kulikuwa na madai madogo ya huku na huku, lakini pumzi ilipatikana. Binti mkubwa hakutolewa shule. Nina hakika kama hatua ile isingekuja, angetolewa.

Wakati Baba hayupo, mdogo wake alikuja na hoja yake. Alitaka sehemu ya bondeni, ile ya lenga-lenga, akisema mwanamke peke yake hawezi kuilima yote na ardhi ni ya ukoo. Kalinzi ya babu haikuwa na karatasi, ilikuwa na mashahidi, na mashahidi wengi wamekufa. Kwa sheria, watoto wote, wa kike na wa kiume, ndio warithi wa kwanza wa baba yao, na tangu Kanuni ya Familia ilipobadilishwa mwaka 2016 mke hahitaji tena ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria. Lakini sheria hiyo iko mjini, na shemeji alikuwa mlangoni. Aliyemaliza jambo ni Nyanya. Aliketi kwenye mpaka tangu asubuhi, akamwambia mwanawe mbele ya wazee: "Mwanangu, ng'ombe aliyetolewa kwa udongo huu nilimkamua mimi. Siku utakayonizika, zungumza. Leo mimi ni hai." Shemeji akarudi kwake. Nyanya hakuwa amesoma hata darasa moja.

Septemba 2020 mvua kubwa ziliporomosha mashimo Kamituga, watu wengi wakafa. Baba hakuwa shimoni siku ile. Alirudi nyumbani kabla mwezi haujaisha, akiwa na kitanda cha godoro na deni, na Mama alimpokea kwa chakula bila kuuliza maswali. Maswali yalikuja baadaye, kwa siku nyingi, na mengine yalikuwa makali. Nilikuwepo kwa baadhi yake na sitayaandika.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayoijali zaidi, kwa kuwa nyumba nyingi za Kabare na Walungu zinaweza kuitumia. Familia haikuanza kwa kutafuta mtaji mkubwa. Ilianza kwa kutafuta tena pesa ya kila mwezi.

Mama alianza na kobaye. Walikuwa wamebaki wachache jikoni, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuwauza. Mnyama huyu hubeba mimba siku 68 hivi, huzaa wawili, watatu, mara nyingine wanne, na watoto wake huanza kula majani mapema sana. Hataki nafaka. Anataka majani mabichi, kwa sababu mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, na akikosa majani mabichi hudhoofika. Baba aliwajengea kizimba cha mianzi kilichoinuliwa, akatenga madume ili ndugu wasizaane, akaanza kuacha majani yanyauke kidogo kabla ya kuwapa, kwa sababu yakiwa na maji mengi huwaharisha. Kinyesi chao kinakwenda moja kwa moja kwenye tuta za lenga-lenga. Baada ya miezi kadhaa Mama alikuwa na kobaye wa kuuza karibu kila mwezi, na wa kupika siku ya Jumapili. Mvulana anayechunga kizimba ana umri wa miaka kumi, na ukimwuliza habari ya kila jike atakuambia lilizaa lini.

Kwa pesa hiyo ndogo akaweza kuingia MUSO ya mlimani. Wasioijua, mutuali ya solidarite ni kundi la majirani wenye sanduku tatu: la kijani kwa mikopo kati yao, jekundu kwa msiba na ugonjwa, na la buluu kwa pesa inayotoka nje. Watu wa miradi huzungumza kana kwamba MUSO yenyewe ndiyo dawa. Mimi naona tofauti. Mchango hutolewa kwa siku zilizopangwa, na asiye na pesa ndogo ya mara kwa mara hukosa mchango, huona haya, hutoka. Mama alikuwa amewahi kujiunga zamani akatoka kwa sababu hiyohiyo. Kobaye ndio waliomwezesha kubaki. Na alipobaki, sanduku la kijani likamfanyia kazi ambayo hakuna mchuuzi angeifanya: Septemba 2021 alikopa minervali na mbegu pamoja, akalipa Januari na Februari kwa riba ndogo ambayo mwishoni mwa mwaka hugawanywa kwao wenyewe. Ndiyo mara ya kwanza tangu mnyauko maharage ya nyumba ile yalivunwa yakiwa ya wenyewe.

Migomba ilirudi kwa njia mpya. Watafiti waliofanya kazi Kivu walionyesha kwamba si lazima kung'oa kisiki kizima: shina linaloonyesha dalili likikatwa peke yake, chini kabisa usawa wa udongo, mara linapoonekana, na kazi hiyo ikirudiwa bila kuchoka, ugonjwa hupungua mpaka shamba likabaki na uhai wake, kwa kuwa bakteria hawafiki kwa wana wote wa kisiki. Hiyo ni kazi ambayo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kuifanya kwa dakika chache. Sharti zake ni mbili. Panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa javel, dawa ya kuua vijidudu, baada ya kila shina. Na ua dume livunjwe mapema kwa mti wenye panda, si kwa panga, ili wadudu wasiwe na pa kutua. Baba, ambaye hapo zamani aliona kwamba migomba hujiotea yenyewe, sasa hupita kila wiki na mti wake wa panda. Panga la nyumba halikopeshwi tena. Jirani mmoja alikasirika kwa hilo, kisha akaja kujifunza.

Kingo za mteremko wamezipanda majani ya malisho. Yanashika udongo, yanalisha kobaye na mbuzi jike mmoja waliyempata mwaka 2023. Kwa kuku sina la kusema, walikufa wote kwa ugonjwa kama wanavyokufa kwa kila mtu.

Februari 2025 ilipima kazi hiyo yote. Tarehe 14 waasi wa M23 walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku mbili baadaye walikuwa katikati ya Bukavu. Watu wa kando ya barabara walikimbilia huku na huku, shule zikafungwa, benki zikafunga kwa muda mrefu. Familia ililala porini kwa muda, kisha ikarudi. Mbuzi hawakumkuta. Kobaye waliwakuta, kwa sababu watoto walikuwa wamewabeba ndani ya kapu pamoja na nguo, na waliobaki kizimbani hakuna mwenye bunduki aliyewajali. MUSO yao haikuwa na pesa benki. Ilikuwa na wakopaji wa mlima mmoja wanaojuana, na msimu B ulipoanza walikubaliana kusogeza malipo. Mbegu ilipandwa kwa kuchelewa kidogo, lakini ilipandwa. Naona kipimo hicho kuwa cha haki zaidi kuliko ripoti yoyote.

Kuna mashirika ambayo kila yakifika Kabare hutaka kugawa ng'ombe. Nasema wazi kwamba mimi naliona kosa la mpangilio. Ng'ombe akiingia katika nyumba isiyo na pesa ya mwezi, Septemba itamtoa, kama ilivyomtoa wa kwanza. Nyumba yenye ndizi, kobaye na sanduku la kijani inaweza kumtunza ng'ombe. Nyumba isiyo navyo itamuuza.

Hapo ndipo Baba na Mama wanapotofautiana leo. Binti mkubwa alipata diploma yake mwaka 2022, anafundisha shule ya msingi jirani, na kama walimu wengi wapya bado hayumo kwenye orodha ya walimu wanaolipwa na Leta. Wazazi wa wanafunzi humpa kidogo wanachokusanya. Wa tatu anakaribia mtihani wa Leta, na ada yake inakuja. Baba anataka mavuno ya Juni yaingie kwenye ndama, kwa ajili ya samadi. Mama anataka ada ya mtihani iwekwe kando kwanza, halafu bonde la pili likodiwe kwa bwasa kwa ajili ya mboga za kiangazi, wakati Bukavu mboga ni ghali. Waliniuliza. Nimesema nasimama na Mama kwa mwaka huu, na kwamba badala ya ndama Baba anunue mbuzi majike wawili, samadi yao ikusanywe zizini. Baba hakufurahi, na ana haki yake: yeye ndiye anayebeba udongo uliooshwa kurudi juu kwa kapu.

Baraza la nyumba limewekwa baada ya mavuno ya msimu B. Nyanya ameagiza binti mkubwa naye aketi, na mvulana wa Beach Muhanzi, ambaye sasa anajifunza uashi, apande kutoka mjini. Shemeji ataalikwa pia, kwa sababu siku hiyohiyo wanataka mpaka wa bondeni uandikwe kwenye karatasi mbele ya chifu wa kijiji, na saini yake inahitajika.